Kiti Mbele ya Kompyuta

Kompyuta ilipofika katika ofisi ya chama cha wakulima wa kahawa mjini Kisii, mwaka wa 1978, Drusilla alijua kwamba kiti cha mbele yake kingekuwa chake. Nani mwingine? Yeye ndiye aliyepiga taipu pale tangu chama kilipokuwa chumba kimoja chenye paa linalovuja. Bonareri, karani wa pili, alikuja juzi tu kutoka kidato cha nne, na viatu vyake vilisikika kabla hajaonekana.

Ilikuwa Ijumaa mchana. Fundi Josiah, aliyetumwa kutoka Nairobi, alitoa sandukuni kompyuta, kisha printa, kisha waya mnene wenye plagi pana iliyojaa vijino.

"Mama, sogea uone," alimwambia Drusilla. "Bila waya huu hizi mbili ni kama majirani walionuniana."

"Vijino vyote hivi vinasema?"

"La. Kimoja kinapeleka maneno, kingine kinapokea. Vingine ni vya kuulizana tu: uko tayari? Haya, ngoja kwanza. Na herufi haiendi nzima, mama. Inakatwa vipande, vipande vinapita kimoja kimoja, kama watu kwenye daraja la gogo." Akakaza skrubu za plagi, akagusa swichi ndogo nyuma ya printa. "Hii ni ya mwendo. Anayetuma na anayepokea lazima wawe na mwendo mmoja. Wakipishana, mtachapa takataka."

Drusilla aliyashika yote. Bonareri alikuwa ameenda kuleta chai.

Lakini jua lilikuwa limeanza kuinama. Drusilla akachukua mkoba wake.

"Mbona unaenda?" meneja, Bwana Ombati, akauliza. "Mafunzo yenyewe ni kesho."

"Kesho ni Sabato, Bwana Ombati, nayo huanza leo jua likizama."

"Fundi anarudi Nairobi kesho jioni."

"Sabato haimngojei fundi."

Bonareri, sinia mkononi, akasema kwa sauti ya upole, "Mimi kesho nina nafasi." Yeye alikuwa Mkatoliki.

Siku ya pili Drusilla aliketi kanisani, Biblia imefunguka magotini. Mchungaji alihubiri, kwaya ikaimba, naye hakuona ila vidole vya Bonareri juu ya vitufe. Alimwomba Mungu amwondolee moyo ule. Kisha akajikuta akimuuliza Mungu, Kwa nini yeye? Mimi nimekutii, na aliyelipwa ni yeye.

Jumatatu alifika wa kwanza, akapangusa meza kama kawaida yake, hadi zile za chumba kipya cha kompyuta. Kitambaa kilipofika nyuma ya printa, kidole kikabaki kwenye swichi. Akaisukuma upande wa pili.

Bonareri alipoanza kuchapa majina ya wakulima kwa ajili ya mkutano wa Alhamisi, karatasi ikatoka na nyota, mabano na alama zisizosomeka. Akajaribu tena. Yakawa yale yale.

Omwenga, tarishi wa ofisi, akaichungulia karatasi, akacheka hadi akashika mlango. "Mashine imeokoka! Inanena kwa lugha!"

Bwana Ombati hakucheka. "Wakulima wanatoka Nyamache, wanatoka Ekerenyo, nitawasomea hizi nyota? Nampigia fundi simu. Akija akikuta ni wewe umeharibu, Bonareri, utarudi kwenye mafaili."

Upande wa pili wa ukuta, Drusilla aliendelea kupiga taipu yake. Moyoni alisikia utamu, na utamu ule ukamtisha.

Kabla ya chakula cha mchana Bonareri alimwendea, macho mekundu. "Mama, wewe ni mtu wa maombi. Niombee. Kila kitu nimefanya kama nilivyofundishwa."

Drusilla akafumba macho. Akasema, "Baba yetu uliye..." Pale pale maneno yakakatika. Akajaribu tena, hayakuja.

Akainuka. Akamtangulia Bonareri hadi chumba cha kompyuta, akaenda nyuma ya printa, akairudisha swichi mahali pake bila kuitafuta.

"Chapa sasa," akasema.

Printa ikaanza kugonga. Jina la kwanza likatoka safi, la pili, la tatu. Bonareri hakuyatazama majina. Alikuwa akimtazama Drusilla.

"Hiyo swichi nani alikuonyesha?"

"Fundi. Ijumaa."

"Na leo nani aliigusa?"

"Mimi." Drusilla alikaza macho yake sakafuni. "Kile kiti nilikitaka, Bonareri. Bado ninakitaka."

Msichana aliingoja karatasi iishe, akaikunja. "Sitamwambia Bwana Ombati," akasema mwishowe. "Lakini usikanyage tena humu nikiwa sipo."

Hakumwambia. Fundi akaambiwa asije, na Alhamisi majina yakasomwa mkutanoni, wakulima wakapiga makofi. Lakini tangu siku ile, Bonareri akitoka hata kwenda kunywa chai, hufunga mlango wa chumba cha kompyuta na kutia ufunguo kifuani. Meza za humo anazipangusa mwenyewe.

Drusilla hukaa upande wa pili wa ukuta na taipu yake. Akisikia printa ikigonga, vidole vyake husimama. Kwa mlio tu anajua kwamba mwendo ni sawa na majina yanatoka safi, naye huomba, kimya kimya, apewe moyo wa kulifurahia hilo.