Lundo la Udongo wa Kisima

Siku thelathini baada ya mazishi ya Swalehe, mdogo wake Hamidi alisema kisima kifukiwe. Marehemu alikuwa fundi wa visima, amewachimbia watu kutoka Malolo mpaka Nambambo, ila cha kwake hapo Nandagala alikiacha kwenye pima saba, kikavu, siku homa ilipomwangusha. Alipelekwa hospitali Nachingwea, akarudishwa maiti. Hamidi hakuwa na ubaya. Shimo kavu uani linasubiri mtoto wa mtu, alisema, na arobaini ikipita atalifukia. Mjane, Zaina, hakubishana na shemeji yake.

Binti yao Amna alikuwa kidato cha tatu. Wiki hiyo mwalimu wa jiografia, Madamu Dorotea, aliwapa somo la mtandaoni kuhusu matabaka ya ardhi: wasome, watazame video, kisha kila mmoja achore ardhi ya kwao na kutuma picha. Amna alitumia simu ya baba yake. Mdomo wa kisima ulikuwa umezibwa kwa magogo, kwa hiyo alikata ubavu wa lundo la udongo kwa jembe, akaona rangi zimepangana kama kwenye video. Juu mchanga mweupe wenye vijiwe, kisha udongo wa mfinyanzi wa kijivu, kisha udongo mwekundu, na chini kabisa udongo mweusi wenye mizizi ya nyasi. Kwenye nafasi ya chanzo cha taarifa aliandika: lundo.

Jibu la mwalimu lilikuja kesho yake, kwenye kundi la darasa. "Amna, nyasi za kwenu zinaota chini ya mfinyanzi? Rudia."

Darasa likaanza kumwita Fuko.

Alirudi kwenye lundo, akalitazama sana. Ndoo ya kwanza ya baba yake ilikuwa chini. Ya mwisho ilikuwa juu. Akaugeuza mchoro. Sasa mchanga mweupe ulikaa chini ya mfinyanzi, na somo lilisema mchanga wa namna hiyo ndio unaohifadhi maji. Nao ulikuwa haba, kama ndoo mbili tu.

Alimwendea Hamidi.

"Baba mdogo, huu mchanga ndio alioutoa mwisho. Alikuwa amekaribia."

"Hayo ni mambo ya kwenye simu."

"Ya kwenye simu ni somo. Mchanga ni wa kwake."

Hamidi aliokota vijiwe, akavigeuza kiganjani. Vilikuwa laini, vya mviringo, kama vya mtoni. Asubuhi alikuja na vijana wawili, wakaondoa magogo, wakamshusha kwa kamba ya marehemu. Walichimba siku tatu. Ya tatu Hamidi alipanda juu, suruali imelowa mpaka magotini, akaomba chai.

Siku ya arobaini, waliokuja kusoma hitima walitawadha kwa maji hayo, yakiwa bado na weupe kidogo. Jioni Amna alituma mchoro wa pili. Kwenye chanzo cha taarifa aliandika: Swalehe, pima saba; Hamidi, pima moja.