Taulo Jeupe Langoni

Kiangazi kile joto lilitufanya sote tutembee kama watu walioamshwa kabla ya usingizi kuisha. Mapazia tuliyafunga tangu alfajiri, madirishani tukatundika mashuka yaliyoloweshwa maji, na nyanya za bustanini tukazifunika vitambaa kama wagonjwa. Mchana kuku walilala chini ya baraza, midomo wazi. Moshi kutoka nyuma ya mlima ulilifanya jua kuwa jekundu na dogo, mtu angeweza kulikodolea macho bila kuumia. Majivu yalidondoka polepole kwenye kikombe changu cha kahawa, nami nikayanywa tu.

Mimi na mume wangu Wendell tulikuwa na ugomvi mmoja usiokwisha: mti wa mreteni ulioegemea dirisha la Tess. Kila mtu huku milimani anajua kuwa mti huo hushika moto kama petroli, na wazima moto hawakuchoka kutuambia tuukate. Lakini aliyeupanda ni Tess, binti yetu, siku hizo akiwa mfupi kuliko beleshi. Tulimzika akiwa msichana wa chuo. Mti ukaendelea kukua.

"Kata mti, Wendell."

"Kata ulimi wako kwanza, Lorna," alikuwa akinijibu huku akicheka, kisha anatoka kwenda kuumwagilia.

Siku gari la sherifu lilipopita na kipaza sauti chake, likituamuru tuukimbie moto, kila mmoja wetu alijua la kufanya. Taa zote tuliziacha zikiwaka, ili wazima moto waione nyumba ndani ya moshi. Mpira wa maji tukauacha uani, ngazi tukaiegemeza ukutani. Mwisho kabisa nikafunga taulo jeupe langoni. Huku kwetu taulo hilo lina maana yake: hapa hamna mtu, msipoteze muda, waokoeni wengine.

Nikaingia garini na kuku wangu. Wendell alinipungia mkono kutoka kwenye pikapu yake. "Tangulia, mama. Nipo nyuma yako."

Nilipofika darajani nikatazama kioo. Barabara ilikuwa tupu, imegeuka rangi ya chungwa yote. Nikangoja. Sikumwona. Nikageuza gari, na njiani nikapishana na wazima moto wakishuka.

"Unakwenda wapi, mama?" dereva alipaza sauti. "Huko juu wamekwisha toka wote! Mataulo yapo nje!"

Ndipo moyo ukanilipuka. Kwa mikono yangu mwenyewe nilikuwa nimewatangazia kwamba mume wangu hayupo. Nikakanyaga mafuta, nikawaacha wakinipigia honi.

Nyumba ilikuwa inameremeta taa kana kwamba kuna arusi. Nyuma yake Wendell amesimama pekupeku, ameshika mpira wa maji, anaunyeshea mreteni bila haraka yoyote, akijiimbia kwa sauti ya chini.

"Unafanya nini, we mzee?"

"Mti una kiu."

"Nimetundika taulo, Wendell. Wameshapita. Hakuna atakayekuja kukutafuta."

"Basi wewe nenda."

"Nimezika mmoja. Wa pili simziki!"

Nikakimbilia bandani, nikatoka na msumeno wa mashine. Maishani mwangu sikuwahi kumwasha mdudu huyo. Nikavuta kamba, nikavuta tena, huku nalia na kutukana. Wendell akautupa mpira, akaja kuninyang'anya.

"Utajikata miguu, mpumbavu wewe!"

Akabaki ameushika, ananitazama. Kisha akauwasha kwa mvuto mmoja, akapiga magoti kwenye tope alilolifanya mwenyewe, akakata. Tukauburuta mti hadi kwenye kokoto, mbali na ukuta, akaulaza taratibu kwa mikono yote miwili. Tukaondoka, na safari hii nilimtanguliza yeye.

Waliporuhusu turudi, taulo lilikuwa bado langoni, limeungua pembeni. Nililifungua kabla ya jambo lolote lingine. Banda halikuwepo, na ua pia. Nyumba ilikuwa imesimama, rangi imebabuka. Pale kwenye kokoto mreteni ulikuwa umelala kama tulivyouacha, tawi kwa tawi, wote majivu meupe. Wendell aliuzunguka kwa mbali ili asiupeperushe, akaingia ndani.

Nilimkuta chumbani kwa Tess, amekaa kitandani. Jua lilikuwa limejaa tele, kwenye shuka, kwenye zulia, mpaka kwenye mlango wa kabati. Miaka mingi humo tulikuwa tunawasha taa hata adhuhuri, na tulishasahau kwa nini.

"Lorna," alisema, "alipokuwa mdogo alikuwa akiamka na mwanga huu."

Nililia, na yeye akalia. Nikakaa kando yake mpaka jua likahama kitandani.