Paka Ndani ya Uzio

Kwenye hifadhi ile, gari halipiti mlango wa pili kabla wa kwanza haujafungwa. Katikati ya milango hiyo mnashuka, mnafungua mabegi, mnainama kutazama uvungu wa gari. Paka mmoja tu akipenya, wanyama wadogo waliozungushiwa uzio ule hawana pa kukimbilia. Leanne Pascoe alilijua hilo vizuri. Kujua si kazi, kazi ni kushuka garini.

Jumamosi ile alikuwa amechelewa, na roho yote iko kwa Tansy. Tansy alikuwa betongi, jamii ya kangaruu, kimo chake cha sungura. Leanne alimlea kwa chupa jikoni kwake, akimbeba kifuani ndani ya foronya. Sasa alikuwa ameachiwa mle hifadhini, na katika mfuko wa tumboni mwake mna mtoto wake wa kwanza.

"Hamna mbweha humo?" aliuliza Warwick, mlinzi wa mlango, kama kawaida yake.

"Yuko mmoja, hajachana nywele," Leanne akajibu, akimwonyesha kwa kidevu binti yake Bronte, aliyekaa nyuma amekumbatia begi la shule.

Wakacheka. Warwick akafungua mlango wa pili. Hakuna aliyeshuka.

Walipoegesha chini ya mikaratusi, begi likalia nyau.

"Mama, usinikasirikie," Bronte alisema. "Biskuti alitaka kumwona Tansy. Atakaa humuhumu."

Leanne alipeleka mkono alishike begi. Paka akamkwaruza, akaruka dirishani, akazama kwenye nyasi.

Warwick alipoitwa alikuja na mitego, ndani ameweka vipande vya kuku.

"Mbona hukuniambia, Lea?"

"Mbona hukutazama?"

Warwick akaanza kutega.

"Labda hatawagusa," Leanne akasema. "Asubuhi amekula akashiba."

"Paka haui kwa njaa, Lea. Anaua kwa sababu kitu kimekimbia," alisema Warwick.

Wakaita mpaka sauti zikakauka. Pori lilikuwa kimya, na kimya hicho ndicho kilichomtesa Leanne, kwa kuwa betongi akishikwa halii. Alikwenda kwenye kiota cha Tansy. Kilikuwa kimevurugwa. Hatua chache mbele, juu ya mchanga, palikuwa na kitu chekundu kama kidole gumba, kisicho na unyoya, kinafungua mdomo na kuufunga.

Betongi akikimbizwa mno mfuko hulegea, mtoto akaanguka. Mama anaokoa roho yake. Tansy mwenyewe hakuonekana.

Leanne akamtia yule mtoto kifuani, kwenye ngozi.

"Ataishi?" Bronte aliuliza.

Warwick alitikisa kichwa. "Huyu bado ni wa mfukoni. Hata chupa haimwingii mdomoni."

Jua likielekea kuzama, Biskuti akajitokeza mwenyewe. Hakuutazama mtego. Alikuja mkia juu, akajisugua miguuni pa Bronte, ananguruma kwa raha, manyoya ya kijivu yasiyo yake yamemganda kidevuni. Bronte akambeba.

Warwick alikuwa ameshika gunia. "Nipe, binti."

"Unampeleka wapi?"

Warwick akatazama chini. "Anayekamatwa humu ndani harudi nyumbani. Mama yako anajua."

"Mama, mwambie. Mwambie ni wetu."

Leanne alikuwa amebana kiganja kifuani, akitafuta mtikisiko mdogo wa yule mtoto wa Tansy. Ulikuwa umekoma tangu walipokuwa njiani kurudi kwenye gari, naye alikuwa bado anaendelea kumpasha joto.

"Mama," Bronte aliita tena.

Warwick akafungua mdomo wa gunia, akasubiri.