Mashine Mpya ya Muigai

Nilimwambia mume wangu Muigai aoshe gari kwa ndoo na kitambaa kama watu wote hapa Kamenu. Wapi! Alikuwa amenunua mashine ndogo ya stima inayorusha maji kwa nguvu, na lazima majirani waione. Isitoshe, Jumamosi gari letu refu jeupe, tulilolinunua likiwa kuukuu kule Ruiru, ndilo lingembeba Muna, binti ya jirani yetu Zainab, kwenye harusi yake.

Muigai akausogeza mdomo wa mashine karibu kabisa na mlango.

"Wacha hivyo, utatoa rangi!" nikapiga kelele.

"Wewe unajua nini? Huu ni uchafu unatoka."

Rangi nyeupe ikabanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Chini yake kulikuwa na rangi nyeusi, msalaba, na maandishi ya dhahabu: SAFARI YA MWISHO.

Muigai akazima mashine. Majirani waliokuwa wakitazama wakasogea karibu. Zainab akasoma polepole, kisha badala ya kulilia harusi ya binti yake, akanigeukia mimi.

"Mama Gathoni, zile kabichi unatuuzia kila wiki, huwa unazibeba na gari gani?"