Simbilisi Waliompigia Makame Mluzi

Niliwahi kupambana na simba pale Makambako kwa spana ya magurudumu, na simba akaomba radhi. Hilo watu hulikubali bila tabu. Lakini nikisema kwamba karibu nimpoteze mke kwa sababu ya mnyama asiye na mkia, mzito kama kiatu kimoja, anayekula maganda ya viazi, wananicheka. Haya, chekeni kwanza. Nawasubiri.

Mwaka hamsini na tano nilikuwa dereva wa lori, Iringa kwenda Mbeya na kurudi, nikichukua mchele Chimala. Mke wangu Apolonia alibaki nyumbani kwetu Mlandege. Safari ilikuwa siku nne. Barabara ikioza kwa mvua, siku tisa. Hatukuwa na mtoto, na nyumba bila mtoto kwa siku tisa inakuwa kubwa kuliko ilivyo. Kwa hiyo nikamletea simbilisi, majike wawili na dume moja jekundu lenye doa jeupe kichwani kama limemwagiwa unga. Niliwanunua Ilomba, kule Mbeya, kwa bibi mmoja, nikawasafirisha kwenye kikapu pembeni mwa kiti changu. Kumbukeni hilo: niliyewaleta ni mimi.

Apolonia aliwatandikia nyasi kavu jikoni, nyuma ya kuni, karibu na mafiga, maana baridi ya Iringa mnaijua. Akajifunza mambo yao kuliko mimi. Jike hubeba mimba miezi miwili na siku kidogo, na muda huo hanyanyuliwi ovyo. Watoto huzaliwa na manyoya yao, macho wazi, meno tayari. Amezaliwa leo, kesho anatafuna jani. Mimi nilitangaza njia nzima kwamba wa kwetu walitoka tumboni wakisalimia kwa Kihehe, "Kamwene!" Apolonia hakubisha. Alishanizoea.

Jambo moja tu sikulitunga. Simbilisi anajua miguu ya anayemletea majani. Akisikia hatua zake nje, anapiga mluzi, wiii, wiii, na kundi zima linaitikia. Hatua za mgeni? Kimya, wote wamejibana nyuma ya kuni.

Basi siku moja nikarudi kutoka Mbeya, nikaenda moja kwa moja jikoni. Kimya. Nikakohoa ili wanitambue. Kimya. Nikasema moyoni, ndiyo shukrani hiyo. Kesho yake nimekaa uani nanywa chai, nikasikia njiani, pa, pa, pa, makubazi yanapiga kisigino. Jiko likalipuka kwa miluzi, hadi kuku wakaruka.

Aliyepita ni Makame, fundi cherehani, jirani yetu wa nyumba ya tatu. Baba yake alitoka pwani na biashara akabaki Iringa. Makame mwenyewe alikuwa kijana mtanashati, kofia ya kutarizi, sauti laini, nguo zinanukia udi. Hakugeuza hata shingo. Alipita tu.

"Apolonia, mbona wanampigia fundi mluzi?"

"Wamesikia upepo."

"Upepo unavaa makubazi?"

"Kunywa chai, Kasian. Inapoa."

Hakunitazama aliposema hivyo. Na hapo nikaliona gauni lake. Jipya, pana, la maua ya buluu. Kashona nani? Makame, nani mwingine. Na gauni halishonwi kwa kukisia. Mtu lazima apimwe. Mabega, kifua, kiuno. Kiuno!

Nikachukua suruali ambayo haikuwa na tatizo lolote, nikampelekea aipunguze.

"Bwana Makame," nikamwambia, "wewe Mwislamu. Simbilisi unakula?"

"Haki ya Mungu, sili. Nawapenda kwa macho tu."

"Na vitu vyangu vingine, hivyo unavipendea nini?"

Futi ya kupimia ikamponyoka mkononi. Akaiokota taratibu. "Simama wima, bwana Kasian," akasema. "Leo umejikunja sana."

Safari iliyofuata niliendesha kama mtu mwenye homa. Nilipofika Chimala nikawasha moto kurudi bila kupakia mchele, ikabidi wapakiaji wanikimbilie na magunia mgongoni. Kila mguu niliouona barabarani ulikuwa na makubazi. Usukani ulikuwa unanukia udi. Nilijiambia kwamba Apolonia ananiacha, polepole, ananiacha kupitia jikoni, na wale watu wadogo wasio na mkia wote wanajua isipokuwa mimi.

Zamu yangu ilipofika tena nilimuaga, nikaondoka na lori, nikaliegesha gereji, nikarudi kwa miguu saa nne asubuhi. Makame alikuwa barazani kwake anakanyaga cherehani. Fundi hukanyaga kwa miguu mitupu, basi makubazi yake yalikuwa chini, kwenye ngazi. Alipoingia ndani kutafuta kitambaa, nikavua viatu vyangu, nikavisukuma chini ya ngazi, nikavaa vyake. Vilinibana. Visigino vyangu vilitokeza nyuma kama mikate.

Nikatembea kuelekea jikoni kwangu. Pa, pa, pa.

Miluzi! Sijapokewa hivyo maishani mwangu. Na kutoka ndani, sauti ya mke wangu, laini, sauti ambayo sikuwa nimeisikia muda mrefu:

"Makame, umewahi leo. Weka hapo mlangoni uondoke upesi, mtu asikuone."

Simba wa Makambako hakunitetemesha hivyo. Nikasukuma mlango.

Apolonia alikuwa kwenye kigoda, mapajani ana watoto wawili wa simbilisi, anawanyonyesha maziwa ya ng'ombe kwa kitambaa alichokisokota ncha. Mama yao alikuwa amekufa juzi yake. Akaangalia miguu kwanza, halafu uso.

"Hayo si yako," akasema.

"Na unayemngoja si mumeo."

Aliwarudisha watoto kwenye nyasi mmoja mmoja, akainuka kwa kushika ukuta, taratibu, mkono mwingine kiunoni. Nilikuwa nimeandaa maneno tangu Chimala. Kabla sijayatoa, nyuma yangu akaingia Makame, miguu mitupu, begani mzigo wa majani aliyoyakata alfajiri, mkononi mundu.

"Shemeji, nisamehe kuja miguu mitupu, kuna mwizi kaniibia maku..." Akaniona. Akaona miguu yangu. "Aah. Kumbe mwizi mwenyewe yuko kwake."

"Nitakukata shingo kwa mundu wako huo," nikamwambia.

"Si wangu, ni wa mkeo. Shemeji, mwambie. Mimi nimechoka kubeba siri na majani kwa pamoja."

Apolonia akalivuta lile gauni pana mgongoni, likambana mbele. Hata dereva aliyelala angeona.

"Miezi mitano, Kasian. Mama Matilda mkunga amenikataza kuinama na mundu. Simbilisi wangekufa njaa."

"Na mimi nisiambiwe? Fundi ajue, mimi nisijue?"

"Mimi futi ndiyo iliniambia," Makame akasema. "Alikuja kutaka gauni, nikapima mara mbili. Akaniapisha hapo hapo. Majani nilijitolea."

"Ile mimba ya kwanza," Apolonia akaniuliza, "ulimwambia nani?"

Jibu lilikuwa refu. Niliwaambia watu wa Ifunda, wakanipa jogoo. Niliwaambia Makambako. Pale Chimala niliwaambia kwamba ni mapacha na wanasikika wakizungumza, mama mmoja akanipa mbeleko. Mimba ikatoka ikiwa ya miezi mitatu.

"Mwaka mzima," akasema, "kila lori lililosimama hapa lilishusha mtu wa kunipa pole. Watu nisiowajua majina. Mmoja aliniuliza mapacha wamezikwa wapi. Hii nikasema nitaiweka nyuma ya kuni, kimya, mpaka itakapofumbua macho."

Makame alikuwa anapanga majani sakafuni kana kwamba yana mshono. Simbilisi wakatoka kumzunguka miguu. Niwaambie ukweli, hata pale, baada ya yote kusemwa, wivu haukuisha. Ulihama tu. Sasa niliona wivu kwa sababu yeye alistahili kuaminiwa na mimi sikustahili.

Nikavua makubazi, nikampa. "Mundu uko wapi?" nikauliza.

Kuanzia siku hiyo kila nilipokuwa nyumbani majani nilikata mimi. Nilipokuwa safarini alikata Makame, na nilivumilia. Wale watoto yatima nikawalea mwenyewe: kitambaa cha maziwa asubuhi na jioni, halafu majani laini ya viazi, hadi wakakubaliwa na lile jike lingine na kunyonya pamoja na wa kwake. Wiki za kwanza hawakunipigia mluzi hata mmoja. Nilitembea mbele ya jiko mara nne, mara tano, nikipiga visigino chini. Apolonia alikuwa ananichungulia dirishani.

Na barabarani nilinyamaza. Miezi minne. Chimala wakiuliza habari za nyumbani, nasema nzuri, basi. Walidhani nimerogwa.

Mwezi wa kumi nikarudi kutoka Mbeya mchana, nikateremka kabla ya kufika, nikakata majani kando ya njia, nikaja nayo begani. Sijafika hata kwenye ua, wiii! Mmoja. Halafu wote. Kwa viatu vyangu mwenyewe, vya dereva, vyenye vumbi la Igawa! Nikasimama. Nikasikia kutoka ndani:

"Makame, umewahi leo. Weka hapo mlangoni."

Damu ikanipanda kichwani, nakiri. Mkono ukashika mundu. Ndipo nikasikia anacheka, kumbe ananitania, na Mama Matilda anacheka naye, na katikati ya miluzi yote ile kulikuwa na sauti moja, kali, ya hasira, ambayo haikuwa ya simbilisi.

Nikaweka majani mlangoni, kama nilivyoambiwa.