Dimbwi Nyuma ya Nyumba

Mwaka farasi walipokosa majani, Uibaan alikata miti yote nyuma ya nyumba ya Kidaana, mjane wa kaka yake, apate uwanja wa nyasi. Kidaana hakumkataza. Uibaan ndiye aliyekuwa akimlishia wanyama.

Mwaka wa tatu uwanja ukaota matuta, na katikati yake maji yakatuama. Huku kwetu Yakutia nyumba zimesimama juu ya barafu ya kale iliyo chini ya udongo, na miti ndiyo iliyokuwa ikiikinga na jua; ilipokatwa, barafu ikaanza kuyeyuka.

"Shemeji, dimbwi lako limefika chooni," Kidaana alisema.

"Limeshakuwa langu? Basi nitavua samaki."

"Vua. Ila nyumba imeinama, mlango wangu haufungiki tena."

Wiki nzima Uibaan alilijaza udongo kwa trekta. Dimbwi liliumeza wote. Kidaana aliposhuka kwenye shimo lake la kuhifadhia nyama, alikuta kuta zinatoka jasho na mapaja ya farasi yamelainika, yananuka. Aliwatupia mbwa kipande baada ya kipande.

"Ngoja Januari," Uibaan alimwambia. "Baridi itashikamanisha kila kitu."

Januari ikaja na baridi yake ya nyuzi hamsini chini ya sifuri, ukitema mate yanadondoka yameganda. Adhuhuri moja Uibaan alichukua mtaimbo akatoboa dimbwi. Mimi jirani yao nilikuwepo. Baada ya mita moja na ushei, maji meusi yalifoka. Akatumbukiza mti mrefu. Ulipaswa kugonga chini kama unagonga chuma. Ukazama kwenye tope laini kama uji, ukaendelea kuzama.

"Halijaganda?" Kidaana aliuliza.

"Limeganda juu."

"Na chini?"

Uibaan aliendelea kuusukuma mti.

"Kwa hiyo linakula ardhi hata Januari," Kidaana alisema. "Kiangazi utanibomolea nyumba tuihamishe, shemeji."

"Tuihamishie wapi?"

 Kidaana aliingia ndani, akauvuta mlango mara mbili, akauacha wazi kidogo.

Uibaan akabeba mtaimbo wake, akaenda kupima madimbwi ya wengine, maana kila aliyekata miti alikuwa na lake. La kwanza halikuwa limeganda chini. La pili vilevile. La tatu pia. Alipokaribia nyumba ya nne, mwenye nyumba alimwona kwa mbali, akatoka mbiombio akafunga lango.

"Nenda zako, Uibaan," alimwambia kutoka upande wa pili. "Langu usilipime."