Taa za Padre Luhende

Niseme mapema: mimi Batuli nina hasira za karibu, na hapa mtaani Mtendeni, Tabora, hakuna asiyejua. Ni fundi umeme wa magari, gereji ni yangu mwenyewe, na mtu akinirudishia gari kwamba sijalitengeneza sawasawa huwa silali. Sasa aliyenirudishia safari hii ni Najiat, mdogo wangu wa tumbo moja.

Najiat alifiwa na mumewe Bujumbura mwaka juzi. Sote tulidhani atarudi Tabora. Mama alishakipaka rangi chumba chake cha usichana. Yeye akagoma. Alihangaika mpaka akapata kazi hukohuko, ya kupokea wageni wa hoteli moja kwa gari lake mwenyewe, RAV4 lililotoka Japani. Nililikagua mimi kabla hajalivusha mpaka, nikamwambia aende tu, nimemaliza. Mkaguzi wa kule akalikataa. Akapewa siku kumi alirudishe likiwa sawa, na hoteli ikamwambia siku hizo zikiisha hana cheti, nafasi inakwenda kwa mwingine. Bila kazi hiyo ni kufungasha virago arudi kwa mama. Basi kaendesha siku mbili, kafika kwangu na vumbi mpaka kwenye kope, kaniwekea karatasi ya mkaguzi juu ya benchi.

Karatasi ilisema taa kubwa zinamulika upande usiotakiwa. Nilichukia jamani. Zile taa nilizipima kwa mikono yangu. Nikasema huyo mkaguzi hana kazi, nikasema na mengine ambayo siyarudii hapa. Najiat alikaa juu ya tairi akijipangusa vumbi, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Ilikuwa saa sita mchana, jua la kutosha, mwanga wa taa usingeonekana. Nikamwomba mzee Mansukh, anayenunua asali ya Sikonge, aniazime ghala lake nusu saa. Tukaingiza gari, tukafunga milango, giza totoro, nikawasha taa kuelekea ukutani.

Hapo nikaona aibu yangu. Mwanga ulinyooka vizuri mpaka katikati, kisha upande wa kushoto ukapanda juu. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo ule unaopanda unaangukia pembeni, wanakopita watu wa miguu na baiskeli. Kule wanaendesha kulia. Mwanga uleule unamwingia machoni dereva anayekuja. Mkaguzi alikuwa na haki, mimi nilikuwa nimepima kwa mazoea ya Tabora. Nikazungusha kila skrubu iliyozunguka. Mwanga ukashuka, ukapanda, lakini ulibaki kushotokushoto. Taa yenyewe ndivyo ilivyoundwa. Zilihitajika taa za gari lililotengenezewa nchi za kulia.

Siku mbili nilipiga simu Kigoma, Mwanza na Dar. Hakuna. Asubuhi ya tatu nikamsikia Najiat akimwambia mama atoe lile godoro la chumbani lianikwe juani. Alisema taratibu, kama mtu aliyekwisha kubali. Nilijisikia vibaya kuliko siku niliyounguza gari la mteja.

Nikaenda gereji nimenuna. Haikupita muda akaja Consolatha, anayeniletea maziwa kwa baiskeli, goti limechubuka. Kisa ni Padre Luhende wa Kipalapala. Alfajiri kamwashia taa za machoni, naye kaingia mtaroni. Yule padre na taa zake alishalaaniwa na njia nzima ya Kipalapala. Mimi mwenyewe niliwahi kumsimamisha na pikipiki yangu nikamuuliza kama barabara kainunua. Akaapa kwamba amepunguza mwanga. Nilimwona mwongo.

Kikombe cha maziwa nilikiweka chini. Padre Luhende anaendesha RAV4. Aliachiwa na mmisionari aliyekuja nalo kutoka Ulaya. Usukani wake uko kushoto, maana yake ni la nchi za kulia.

Nilimfuata Najiat nyumbani, na sijui tulifikaje Kipalapala. Nilimwamkia padre shikamoo, akaitikia marahaba, akaniangalia vizuri, akaniuliza kama si mimi niliyemuuliza habari za kununua barabara. Nikasema ndiye mimi, na kwamba nimekuja kumwomba radhi na kumwomba taa. Nikamweleza yote, Najiat kasimama kando anafinya ncha ya mtandio wake.

Padre alikaa kwenye ngazi. Alisema amebadilisha balbu mara tatu, na siku hizi akiitwa kwa mgonjwa usiku anaona haya kuwasha gari, kwa matusi anayoyapata njiani.

"Kwa hiyo za dada huyu zinanifaa mimi, na zangu zinamfaa yeye?"

"Kabisa, Padre."

"Basi fungua, mwanangu. Unangoja nini?"

Nilifungua. Plagi za nyaya hazikuoana, nikakata na kuunga upya, jasho linanitiririka mpaka machoni, na hasira zote zimeisha, nimebaki na furaha tupu ya kazi. Tukarudi ghalani kwa Mansukh, tukafunga milango, nikawasha. Mwanga ukapanda kulia. Najiat alikwenda ukutani akaweka kiganja pale unapopandia, akakiacha hapo. Mimi nilipiga vigelegele mpaka wapagazi wa Mansukh wakaja mbio kuuliza nani kaolewa.

Siku ya kumi, Najiat amekwisharudi Bujumbura, mama alikuja kukaa nami gereji, maana nyumbani hapakaliki. Simu ililia saa saba.

"Dada, limepita," Najiat alisema. "Kesho napokea wageni."

Niliruka na bisibisi mkononi, nikamkumbatia mteja ambaye hata simjui. Mama alingoja nitulie.

"Kwa hiyo harudi."

"Harudi, mama."

Akaiangalia mikono yangu.

"Ungekosea waya mmoja tu, Batuli, angerudi," alisema, na hakuwa anatania.

Nikamwambia wazo hilo lilinijia, pale Kipalapala, nikiwa na koleo mkononi. Nikamwambia nililitaka sana. Kisha nikamkumbatia na mafuta yangu yote ya gereji, tukalia, na mimi huku nacheka.